Methali za wazee zinapingana: nifuate ipi?

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nimepata nafasi ya kazi mpya yenye mshahara mzuri kuliko ninaoupata sasa, lakini ni ya mkataba wa muda, nami natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipowashirikisha wazee wangu, baba aliniambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao," yaani usiuache mkeka wako mkuukuu kwa ajili ya mkeka mzuri wa kupita tu, na shangazi akadakia, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Baba akaja na "Haraka haraka haina baraka," shangazi akamjibu kwa "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na kikao kikaishia hapo. Wote wawili nawaheshimu, na kila methali naiona ya kweli inaposemwa. Je, zinapopingana namna hii, mtu afuate ipi?

Mwanafasihi:
Ndugu yangu, methali zinazoonekana kugombana mara nyingi huwa hazizungumzii jambo moja. "Haraka haraka haina baraka" humwonya mtu anayeitenda kazi kwa pupa, ilhali "Chelewa chelewa" humsuta yule ambaye hata hajaianza. Kwa hiyo unaweza kuamua mapema na bado ukatenda kwa utaratibu, usiivunje hata moja. Ndivyo ilivyo pia kwa "Penye wengi haliharibiki neno" na "Manahodha wengi chombo huenda mrama": ya kwanza inahusu kushauriana, ya pili inahusu kushika usukani.

Kipanga:
Mwanafasihi anazipatanisha kwa urahisi mno. Zipo zinazopingana kwelikweli: "Mtoto wa nyoka ni nyoka" inasema mtu huzaliwa na tabia yake, na "Samaki mkunje angali mbichi" inasema tabia hufinyangwa, hizo sijui utazisuluhishaje. Nionavyo mimi, msemaji huamua kwanza, kisha huitafuta methali ya kuutia uamuzi wake uzito wa wahenga, na ndiyo maana methali ya upande wa pili haikosekani kamwe. Basi usizipime methali, wapime wasemaji. Baba anahofia nini hasa, na shangazi ameona nini ambacho baba hajakiona?

Bi Subira:
Nakubaliana na Kipanga na, jina langu lisikudanganye, siungi mkono kungoja. Hata hivyo, methali ya baba yako ina sharti ndani yake, kwani msala unaokatazwa ni ule upitao. Ikiwa mkataba huo unaweza kurefushwa, hoja yake inapungua nguvu. Ikiwa hauwezi, na huna akiba ya kukuvusha utakapokwisha, ni hoja nzito kuliko zote ulizosikia kikaoni. Mwombe mwajiri mpya akujibu hilo kwa maandishi kabla hujajiuzulu unakofanya kazi sasa. Kuhusu wazee, usimrudishie baba methali nyingine, maana mdogo akimjibu mkubwa kwa methali huonekana mjuvi. Mpelekee masharti ya mkataba, mzungumzie hayo.

Mwanafasihi:
Hiyo ya nyoka na samaki namwachia Kipanga, sina jibu. Kwa mleta mada, naunga mkono ushauri wa Bi Subira.

Mleta mada:
Nawashukuru nyote. Kesho nitamwandikia mwajiri kuhusu kurefushwa kwa mkataba, kisha nitamwendea baba nikiwa na majibu mkononi, ikiwezekana kabla shangazi hajafika.