Kamati ya Baraza la Wawakilishi inapochambua mswada, maoni ya wananchi huingia wapi?

Katibu wa Kikundi, Micheweni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani katika Wilaya ya Micheweni, Pemba, na wenzangu wengi ni kina mama ambao riziki yao yote inatoka kwenye kamba na tai-tai (vijikamba vya kufungia mwani) walizozifunga ufukweni. Tumearifiwa kwamba kuna mswada wa sheria unaogusa matumizi ya fukwe, kwamba umeshasomwa mara ya kwanza Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na kwamba sasa uko mikononi mwa kamati ya kudumu. Wakati huohuo baraza letu la serikali za mitaa linatayarisha sheria ndogo ya ushuru wa mazao ya baharini, na diwani wetu ametuambia tupeleke maoni bila ya kutueleza tuyapeleke vipi.

Ninachokiomba ni maelezo ya mtu anayeijua kazi hiyo kwa ndani. Kamati inapoupokea mswada hufanya nini hasa? Maoni ya watu kama sisi husikilizwa katika hatua gani, na ni maoni ya namna gani ambayo kamati huweza kuyafanyia kazi? Zamani kikundi chetu kiliwahi kuandika barua ndefu kwa afisi moja kuhusu jambo jengine, na hatukupata jibu. Sitaki safari hii kina mama wakae usiku kucha kuandika kitu ambacho hakitasomwa.

Mstaafu wa Kamati, Unguja

Waalaykum salaam, Katibu. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya ukatibu katika kamati za Baraza, kwa hivyo nitaeleza kama nilivyoiona kazi yenyewe.

Mswada wa Serikali huandikwa na wanasheria baada ya wizara husika kupeleka sera yake na kupata idhini ya Baraza la Mapinduzi, kisha huchapishwa katika Gazeti Rasmi ili watu wausome. Kusomwa mara ya kwanza si mjadala. Ni kutajwa kwa jina lake ukumbini, na baada ya hapo Spika huupeleka kwenye kamati ambayo wizara hiyo iko chini yake. Mjadala wa ukumbini huja katika kusomwa mara ya pili, Waziri anapouwasilisha na Mwenyekiti wa kamati anaposimama kusoma maoni ya kamati yake. Kipindi kilicho baina ya hatua hizo mbili ndicho chenu. Ikiwa maoni yenu yatafika wakati Mwenyekiti ameshasimama ukumbini, yatakuwa yamechelewa kwa kamati, na njia itakayobakia ni kumtegemea Mwakilishi mmoja mmoja. Tena, mswada ukiletwa kwa hati ya dharura, kipindi hicho hufupishwa mno, kwa hivyo msisubiri kuitwa.

Ndani ya kamati, kazi huanza kwa kumsikiliza Waziri na watendaji wake wakieleza kwa nini sheria inahitajika. Baadaye huitwa wadau, yaani jumuiya, taasisi na watu wanaoguswa na mswada, na hapo ndipo kikundi kama chenu kinapoweza kuomba kusikilizwa au kuwasilisha maandishi kupitia Katibu wa Baraza la Wawakilishi. Kisha wajumbe hukaa na wanasheria wa Serikali wakaupitia mswada kifungu kwa kifungu, na kazi hii ya mwisho ndiyo watu wa nje wasiyoiona. Wakati huo swali la mjumbe huwa ni moja: kifungu hiki kibakie kama kilivyo, kifutwe, au kiandikwe vyengine, na kama ni vyengine, kiandikweje?

Barua nyingi nilizozipokea mezani zilikuwa za dhati na zenye uchungu wa kweli, lakini zilisema tu kwamba sheria itawaumiza wanyonge. Mjumbe anayekubaliana nanyi kwa moyo wake wote hana la kufanya na sentensi hiyo inapofikiwa zamu ya kifungu cha 14. Andikeni hivi: katika kifungu fulani, kifungu kidogo fulani, mswada unampa mkurugenzi uwezo wa kumwondoa mtu ufukweni, sisi tunapendekeza yaongezwe maneno "baada ya kumpa taarifa ya maandishi na nafasi ya kujieleza", na sababu yetu ni kwamba mwani ulioko kambani hauwezi kuhamishwa kabla ya kukomaa bila ya mkulima kupata hasara. Mkiandika hivyo, mjumbe anayapata maneno ya kuyasema na mwanasheria wa Serikali analazimika kuyajibu. Kurasa mbili za namna hiyo zina nguvu kuliko barua ya kurasa kumi.

Nyongeza moja kuhusu kuusoma mswada wenyewe. Mingi siku hizi ni ya marekebisho, na mswada wa marekebisho hauelezi habari kamili. Husema tu kwamba maneno fulani katika sheria mama yamefutwa na kuwekwa mengine badala yake. Kama unarekebisha, kwa mfano, Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010, wekeni sheria hiyo pembeni mzisome zote mbili pamoja. Anzeni mwisho wa mswada, penye Madhumuni na Sababu, kwa kuwa hapo wizara yenyewe inasema inachokitaka.

Mwanasheria, Chake Chake

Nayaunga mkono maelezo ya mzee wetu, na ningependa Katibu aangalie sehemu moja ambayo wadau huipita haraka. Karibu kila mswada una kifungu kinachompa Waziri uwezo wa kutunga kanuni. Katika sheria za bahari na ardhi, mambo yanayomgusa mtu mfukoni, kama vile ada, leseni, mipaka ya maeneo na muda wa kusimamisha shughuli, mara nyingi hayamo ndani ya sheria. Yameachiwa kanuni, na kanuni hazipiti katika kusomwa mara tatu kama mswada unavyopita. Mswada unaweza kuonekana mpole kabisa, na ukali wote ukaja mwaka unaofuata kwa saini ya Waziri. Kwa hivyo ombi lenu muhimu kuliko yote linaweza kuwa fupi sana: kwamba kifungu hicho kimtake Waziri kushauriana na wakulima wa mwani na kamati za wavuvi za shehia (eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha) kabla ya kutunga kanuni zinazowahusu.

Haki ya kutoa maoni si hisani ya mtu. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 21, inampa kila Mzanzibari haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye au yanayolihusu Taifa. Ni kweli kwamba jirani zetu wa Kenya wamelitamka jambo hili kwa uwazi zaidi, kwani Katiba yao ya 2010, katika kifungu cha 196, imelifanya kuwa wajibu wa kila bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi za kutunga sheria na za kamati zake. Binafsi natamani nasi tufike huko. Hata hivyo, kifungu cha 21 kinatosha kutajwa katika aya ya kwanza ya maandishi yenu.

Diwani wa Zamani, Wete

Niruhusuni niseme juu ya sheria ndogo, kwa kuwa hiyo ni njia tofauti. Msingi wake ni Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014. Rasimu hupita kwenye kamati za baraza lenyewe, ikajadiliwa na madiwani katika kikao chao, kisha ikapelekwa kwa Waziri anayehusika na serikali za mitaa, na haiwi sheria mpaka aidhinishe. Maana yake ni kwamba mna milango miwili, na mlango wa kwanza uko karibu nanyi. Mwendeeni diwani wa wadi yenu na mumwombe nakala ya rasimu yenyewe, wala msiridhike na maelezo ya mdomo. Mkaipitie pamoja na sheha ili maoni yabebwe na shehia nzima, kisha muombe kamati inayoshughulikia fedha iwasikilize kabla ya kikao cha madiwani. Katika ushuru, ulizeni jambo moja mahsusi: utatozwa kwa kilo, kwa gunia, au kwa mauzo, na utamwangukia mkulima au mnunuzi? Rasimu nyingi nilizowahi kuzijadili zilikuwa na kiwango kilichoandikwa vizuri lakini hazikusema wazi nani mlipaji, na ugomvi wote sokoni ulitokea hapo.

Katibu wa Kikundi, Micheweni

Nawashukuru sana nyote. Nimebakiwa na swali moja. Ikiwa kamati itakubaliana nasi na Waziri akakataa, nani huamua?

Mstaafu wa Kamati, Unguja

Baraza lenyewe ndilo linaloamua. Maoni ya kamati ni ushauri, na kamati haiwezi kumlazimisha Waziri. Kwa kawaida suala humalizwa kabla ya hapo, kwa sababu Waziri hapendi kuingia ukumbini akipingana na kamati yake, na mara nyingi huja na karatasi ya marekebisho ambayo ndani yake mtayakuta maneno ya wadau. Akishikilia msimamo wake, mjumbe yeyote anaweza kuleta pendekezo la marekebisho Baraza linapokaa kama Kamati ya Kutunga Sheria, na hapo kifungu huamuliwa kwa kura. Jambo lililo gumu ni pendekezo la kuongeza kodi au matumizi ya fedha za Serikali, kwani hilo sharti liletwe na Serikali yenyewe. Kwa hivyo mkitaka fidia, ombeni kamati imshauri Waziri ailete.

Kwa sababu hiyo toeni nakala tatu: moja kwa Katibu wa Baraza, moja kwa Mwakilishi wa jimbo lenu, na moja kwa Mwakilishi wa viti maalumu wa mkoa wenu, maana suala la kina mama wa mwani linamhusu moja kwa moja. Kila nakala muiombee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na wiki inayofuata mpige simu kuulizia siku ambayo kamati itakutana na wadau.

Katibu wa Kikundi, Micheweni

Tumekubaliana kukutana Jumamosi baada ya bamvua, siku za maji makubwa ambazo kina mama huwa shambani, na mswada pamoja na sheria mama tutakuwa nazo zote mbili. Mwanasheria wa Chake Chake, ukiwa na nafasi, tutakuomba utupitishie macho maneno ya kifungu cha kanuni kabla hatujayapeleka.

Mwanasheria, Chake Chake

Nileteeni. Andikeni kwanza kwa maneno yenu wenyewe jinsi mnavyotaka mshauriwe, yaani nani aitwe, apewe taarifa kwa muda gani na kikao kifanyike wapi. Mimi nitayatia katika umbo la kifungu.