Agrin alikimbia vita gani? Swali kuhusu filamu ya Bahman Ghobadi

Msomaji wa Pembeni aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wale walioitazama filamu ya mwaka 2004 ya Bahman Ghobadi, inayojulikana kwa Kiingereza kama Turtles Can Fly. Ambaye hajaitazama asiendelee kusoma, maana siwezi kuuliza bila kugusa mwisho wake. Hadithi inatokea katika kambi ya wakimbizi wa Kikurdi nchini Iraki, karibu na mpaka wa Uturuki, siku chache kabla ya Marekani kuivamia Iraki mwezi Machi 2003. Kambini humo yupo msichana Agrin, pamoja na kaka yake Hengov asiye na mikono, na mtoto mdogo asiyeona ambaye wenzao wanadhani ni mdogo wao. Baadaye tunaoneshwa kuwa ni mtoto wa Agrin mwenyewe, aliyezaliwa baada ya askari kumbaka.

Kinachonitatiza ni hesabu ya miaka. Inaelezwa kuwa ndugu hawa wametoka Halabja, mji ulioshambuliwa kwa gesi ya sumu tarehe 16 Machi 1988. Lakini Agrin anaonekana kuwa na miaka kumi na mitatu au minne hivi, na mtoto wake hazidi mitatu. Basi alikimbia vita gani hasa? Je, mwongozaji amechanganya nyakati kwa makusudi, au kuna tukio la baadaye linaloelezea jambo hili?

Mchora Ramani alijibu:

Swali lako ni la haki, na ramani inalizidisha uzito. Halabja iko kusini-mashariki mwa Kurdistan ya Iraki, kilomita chache tu kutoka Iran, na ndiyo maana manusura wengi wa 1988 walivuka kwenda Iran. Mpaka wa Uturuki uko zaidi ya kilomita 200 kaskazini. Tena, baada ya maasi ya Wakurdi ya mwaka 1991, yaliyozimwa kwa ukatili hata watu zaidi ya milioni moja wakakimbilia mipaka ya Uturuki na Iran, jeshi la Saddam Hussein liliondoka katika sehemu kubwa ya maeneo ya Wakurdi kabla ya mwaka huo kwisha. Tangu hapo Halabja ilikuwa mikononi mwa vikundi vya Wakurdi wenyewe. Askari wa Iraki kuvamia nyumba huko mnamo mwaka 2000 ni jambo lisiloingia katika historia tunayoijua.

Hata hivyo Wakurdi hawakuacha kufukuzwa makwao. Kirkuk, pamoja na visima vyake vya mafuta, ilibaki chini ya Baghdad, na serikali iliendelea kuwatoa Wakurdi, Waturukimani na Waashuri huku ikiwahamishia Waarabu katika nyumba zao. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kuwa watu wapatao 120,000 walifukuzwa kwa njia hiyo baada ya 1991. Binti wa umri wa Agrin angeweza kutoka huko bila kuvunja hesabu yoyote. Kwa maoni yangu, Ghobadi, ambaye ni Mkurdi wa Iran mzaliwa wa Baneh, alichukua mkimbizi wa mwaka 2003 akampa mji ambao Mkurdi yeyote akiusikia haulizi kilichotokea.

Kalamu Nyekundu alijibu:

Namheshimu Mchora Ramani, lakini huko kumpa Agrin mji wa Halabja badala ya Kirkuk mimi nakuona kuwa hasara. Ukatili wa Kirkuk ulikuwa wa namna yake: familia zilitakiwa kujaza fomu za kile kilichoitwa kusahihisha asili yao, yaani kujiandikisha kuwa Waarabu, na waliokataa waliamriwa kuondoka, mara nyingi wakinyang'anywa mali na kadi za mgao wa chakula. Mtazamaji anayeambiwa "Halabja" anafikiria ndege na gesi, wala hatafikiria karani mwenye mhuri. Huyo karani alistahili filamu yake.

Binti Tufaha alijibu:

Kaka zangu, nyote wawili mmemwangalia Agrin kama cheti cha kuzaliwa. Mimi naona filamu yenyewe inajibu kwa njia nyingine: vita anavyovikimbia amevibeba mgongoni. Wenzake wamekwisha kufika kambini, lakini yeye hajafika, kwa kuwa kila mtoto anapomwita, usiku ule unarudi. Hengov anampenda mtoto huyo bila masharti, na mgogoro wa kaka na dada juu ya kumlea au kumwacha ndio moyo wa filamu, kuliko hata habari ya Marekani na redio. Mwishowe Agrin anamzamisha mtoto majini, kisha anajirusha kutoka gengeni, na sijasikia mtazamaji aliyethubutu kumhukumu.

Lawama yangu ni tofauti. Hengov amepewa uwezo wa kuona yajayo; kijana anayefunga madishi, anayeitwa Setilaiti, amepewa ulimi usiochoka; Agrin hakupewa hata mazungumzo marefu ya kueleza lililompata. Tunalijua kwa picha za kumbukumbu tu. Ukimya wake unaaminika, nakubali, ila ni rahisi mno kwa mwongozaji mwanamume kuutumia.

Msomaji wa Pembeni aliandika:

Nawashukuru sana. Naomba niongeze dogo: wale watoto waliokatika viungo ni waigizaji, au ndivyo walivyo?

Mchora Ramani alijibu:

Ndivyo walivyo. Ghobadi alipiga picha Kurdistan ya Iraki baada ya Saddam kuanguka, na watoto aliowatumia hawakuwa waigizaji wa kazi. Filamu ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la San Sebastián mwaka huohuo wa 2004. Kufukua mabomu ya ardhini na kuyauza, kazi inayoongozwa na Setilaiti, pia si ndoto ya mwandishi. Mengi yalitegwa wakati wa vita vya Iran na Iraki, kati ya 1980 na 1988, na mengine na jeshi la Saddam dhidi ya Wakurdi. Kwa hiyo ukitaka vita vinavyolingana na kalenda, mwangalie Hengov kabla ya Agrin: mtoto wa 2003 anaweza kabisa kukatwa mikono na bomu lililofukiwa kabla hajazaliwa.

Kalamu Nyekundu alijibu:

Hilo la mabomu nalikubali. Kirkuk kufichwa nyuma ya jina la Halabja bado sikukubali.