Vifaranga wanaisha kabla ya wiki ya 6, na kila Oktoba kideri kinafagia wakubwa (Nanyamba, Mtwara)

Mwana_Nanyamba:
Wakuu habarini. Nina mitetea 12 ya kienyeji na jogoo 1. Mchana wanajitafutia chini ya mikorosho, jioni wanapata pumba za mahindi kidogo, usiku wanalala chini kwenye jiko la nje. Kila mtetea anatotoa 9 hadi 11, ila wiki ya 6 ikifika amebaki na 2 au 3. Mwewe anabeba, na wengine wanashusha mabawa, wanajikunyata na kuharisha damu. Halafu Oktoba au Novemba wakubwa wanaharisha kijani, shingo zinapinda, siku nne pako kimya.

Naomba kujua: chanjo gani, lini, na inawekwaje? Vifaranga niwatoe kwa mama au niwaache? Na chakula cha kuchanganya mwenyewe kikoje, maana huku mashudu ya ufuta napata kirahisi kuliko ya alizeti, makopa (mihogo mikavu) yapo, dagaa wa pwani wapo. Nataka nifike mitetea 30 tu, eneo dogo.

---

Tone_Moja:
Mharo wa kijani, shingo kupinda na vifo vya mfululizo, hicho ni kideri (wengine mnaita mdondo). Ni kirusi, hakina dawa. Shubiri, pilipili na mwarobaini utasikia vikisifiwa sana, lakini kuku aliyepona baada ya kunyweshwa pilipili angepona hata bila pilipili. Nguvu zote ziwe kwenye chanjo.

Kwa mfugaji wa kijijini tafuta ya I-2, ile ya tone la jicho. Inavumilia joto kuliko Lasota (chanjo nyingine ya kideri), ndiyo maana inafaa vijiji visivyo na friji. Kuvumilia si kutokufa, lakini. Ukiiweka mfuko wa shati ukaendesha bodaboda juani kutoka Mtwara mjini, unafika na maji matupu. Ifunge kwenye kitambaa kibichi, ndani ya kikapu, kivulini.

Rudia kila baada ya miezi minne: Januari, Mei, Septemba. Ukikosa nyingine zote, hiyo ya Septemba usiikose. Kinga inachukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na Oktoba minada ya korosho inaanza, hela inazunguka, kuku wananunuliwa kijiji hiki wanapelekwa kile. Kideri kinasafiri nao.

Namna ya kuweka: usiku wa kuamkia siku hiyo wafungie wote ndani. Alfajiri mmoja akamate, mwingine adondoshee. Laza kichwa ubavu, jicho moja liangalie juu, shika chupa wima, kichwa chini, isiguse jicho. Tone moja. Usimwachie mpaka apepese, maana tone likiteleza shavuni hujachanja kitu. Kifaranga wa siku moja na jogoo mkubwa tone ni lilelile. Aliyemaliza anatolewa nje, hivyo hamchanganyi.

Inapoharibikia:
- Kuchanja ugonjwa ukishaingia. Waliokwisha kuambukizwa wengi watakufa tu, na mtaa mzima utasema chanjo ndiyo imeua.
- Kumsahau anayeatamia, au yule mkaidi anayelala juu ya mwembe.
- Chupa iliyofunguliwa kuwekwa hadi mwezi ujao. Fungua, maliza siku hiyo, kinachobaki gawia majirani. Kuku wao wakiwa na kinga na wako wanapumua.
- Kuchanganya chanjo za kwenye maji ya kunywa na maji ya bomba yenye klorini. Klorini inaua chanjo. Kwa hizo tumia maji ya mvua uliyovuna.

Kuku mgeni yeyote, wa kununua au wa zawadi ya unyago, akae peke yake wiki mbili hadi tatu mbali na wako. Aliyekufa mfukie chini sana au mchome. Kumtupa porini ni kumpelekea mbwa akurudishie nyumbani.

Ndui (vipele kwenye upanga na machoni) ina chanjo yake, ya kuchoma ngozi ya bawa kwa sindano ya ncha mbili. Baada ya siku 7 hadi 10 kagua pale ulipochoma. Kama hakuna kauvimbe, chanjo haikushika, rudia.

---

MamaKuku_Masasi:
Kwenye vifaranga, mimi nasema watoe. Mtetea akikaa na watoto miezi mitatu hatagi. Ukimwondolea mapema anarudi kutaga baada ya wiki chache, na hapo ndipo penye faida.

Watotoe kwa pamoja. Mtetea wa kwanza akianza kuatamia, mzuge na mayai mabovu mawili matatu. Wakifika wanne wanaoatamia, wawekee wote mayai mazuri usiku mmoja, 10 hadi 12 kila mmoja. Siku ya 21 una vifaranga karibu 40 wa rika moja. Mayai ya kuatamiza yasizidi siku 7 kwa joto letu. Yatunze kwenye chungu chenye mchanga mkavu, ncha nyembamba chini. Siku ya 7 yamulike kwa tochi ya simu gizani: yenye mishipa rudisha, lililo jeupe tupu toa.

Bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto bila mama) ya vifaranga 40: duara la bodi au mkeka, upana mita 1.2, kimo nusu mita, chini maranda au pumba za mpunga sentimita 5, wiki ya kwanza juu yake tandika magazeti. Joto ni chungu cha mkaa juu ya matofali, umewashiwa nje mpaka moshi umeisha. Chumba kipitishe hewa juu, la sivyo hewa ya mkaa inawaua usiku ukidhani ni ugonjwa. Kipimo ni wao wenyewe: wakirundikana chini ya chungu wana baridi, wakikimbilia ukingoni wanapumua mdomo wazi ni joto, wakitawanyika kama punje kwenye ungo wako sawa. Wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki.

Tafadhali, maganda ya korosho usiyatumie, si kuwashia wala kutandika. Mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unawaka machoni.

Damu kwenye kinyesi kati ya wiki ya 3 na ya 6 ni koksidia (vimelea vya utumbo), na kinachoichochea ni sakafu mbichi. Anza amproliamu, dawa ya koksidia, kwenye maji ya kunywa, kipimo na siku fuata pakiti, lakini kama chombo cha maji kinamwagika hapohapo unarudi mwanzo. Weka chombo juu ya tofali, na kila asubuhi finyanga maranda ya pale kiganjani: yakishikana donge, toa, weka makavu.

---

Kichanja_Lindi:
Mama Kuku umeeleza vizuri, ila kwa mwenye mitetea 12 mimi bruda siiungi mkono. Mkaa wa wiki nne, mtu wa kuamka saa nane usiku, na siku moja ya uzembe wanaondoka 40 kwa mpigo. Hiyo ya kutotolesha pamoja ichukue, kisha wape vifaranga wote mitetea wawili walio wapole, usiku gizani. Wale wawili wengine watarudi kutaga. Mtetea ni jiko lisilokula mkaa.

Kinachomsaidia mwewe ni vifaranga kuzunguka wakiwa na wiki moja. Wiki nne za mwanzo mama na watoto wakae chini ya tenga kubwa au uzio uliofunikwa wavu. Pembeni tengeneza kizimba cha fito, nafasi kati ya fito sentimita 4 hadi 5, chakula cha vifaranga kiwe ndani. Wadogo wanapenya, wakubwa wanaishia kutoa macho.

Jikoni wahamishe. Mitetea 30 inataka banda la mita 2 kwa 3, la kichanja, sakafu ya fito mita moja kutoka chini ili kinyesi kidondoke. Ndani vibao vitatu vya kulalia vya mita 2, kila kuku sentimita 20. Kiota kimoja kwa mitetea watano. Miguu ya banda isimame kwenye vikopo vya oili chafu, siafu na sisimizi hawapandi. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10, kwa hiyo ongeza wawili, na usiwatoe kwenye watoto wako mwenyewe.

Chakula cha kilo 20 kwa wakubwa:
- mahindi ya kuparaza kilo 8
- pumba za mahindi kilo 5.4
- mashudu kilo 4 (alizeti 2, ufuta 2)
- dagaa waliosagwa kilo 1.6
- mifupa iliyochomwa na kusagwa gramu 400
- chokaa ya mifugo gramu 450
- chumvi gramu 100
- premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 50

Ufuta peke yake usiweke. Una upungufu wa laisini (sehemu ya protini), na unashika kalisi (madini ya mifupa na maganda ya mayai) isitumike vizuri. Alizeti ikikosekana kabisa, weka ufuta kilo 3, dagaa kilo 2 na pumba kilo 6. Makopa yanaweza kuchukua nafasi ya kilo 2 za mahindi, basi. Yawe makavu meupe. Yenye ukungu mweusi au wa kijani yana sumukuvu, na kuyachemsha hakuitoi. Vya kidogo kidogo, chumvi, chokaa na premiksi, changanya kwanza na kilo moja ya pumba, ndipo umwage kwenye rundo. Gramu 60 kwa kuku jioni zinatosha maadamu anajitafutia, kwa 13 hao ni kama siku 25.

---

Mwana_Nanyamba:
Shukrani sana wakuu. Dagaa wa huku ni wa chumvi kabisa. Na je, wakati wa kupulizia mikorosho nifanyeje?

---

Kichanja_Lindi:
Waonje. Wakiwa na chumvi ya kusikika, waloweke, mwaga maji, anika upya, na zile gramu 100 za chumvi ziondoe. Chumvi ikizidi utaona wanakunywa maji bila kukoma na mharo wa majimaji, wadogo ndio wanaanza kufa. Makombe ya baharini nayo usiyadharau: choma, ponda, weka chombo cha pembeni kwa wanaotaga. Vifaranga wasifike, kalisi nyingi inawaharibu figo.

Tone_Moja:
Salfa ya unga inawasumbua macho na pumzi, hatari kubwa ni zile dawa za maji za mbu wa mikorosho (wadudu wanaoshambulia mikorosho). Siku ya kupulizia wafungie na maji na chakula ndani, wakae siku zilizoandikwa kwenye chupa. Kopo la kupimia dawa lisigeuke chombo cha maji ya kuku hata lioshwe mara tatu.