Bastola isiyo na sefti ya pembeni, mwenye watoto nyumbani anaweza kuiamini?

Mchuuzi wa Kibaigwa
Mbukwenyi wakuu. Mi ni mnunuzi wa mahindi na alizeti, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma ila msimu ukifika nashinda Kibaigwa, na wakulima mnawajua, ukimwambia nakurushia kwenye simu anafunga gunia lake anaenda kwa mwingine, kwa iyo nabeba keshi. Taratibu zote nimeshapita, serikali ya mtaa, polisi, alama za vidole, mpaka soli ya kiatu imeisha, na leseni imetoka. Nimekwama kwenye kuchagua. Kuna Glock 19 na kuna CZ 75, zote milimita 9. Muuzaji anaisifia Glock, nyepesi, magazini inakula risasi 15, haina makuu. Nikaishika, nikaitafuta sefti pembeni, kile kiswichi cha kuizuia isifyatuke, nikakosa, nikajua hii mbovu. Akacheka kweli kweli, akasema sefti yake iko kwenye traiga yenyewe. Sasa jamani hiyo si sawa na kufunga mlango halafu funguo unaiacha inaning'inia kwenye kitasa? Nina watoto 3, wa mwisho ana miaka 4 na nyumba nzima hakuna kitu hajakifungua. Wenye uzoefu nisaidieni.

Kwata ya Zamani
Mkuu muuzaji hajakudanganya ila hajamaliza maneno. Glock ina sefti 3 na zote zinajiweka zenyewe. Ya kwanza ndo hiyo, kile kiulimi katikati ya traiga, kama kidole hakijakikandamiza traiga hairudi nyuma. Ya pili iko ndani, kuna kijiti kinaizuia ile pini inayogonga risasi isiifikie mpaka uvute traiga. Ya tatu ni kwa ajili ya kudondoka, ikikuponyoka ikapiga chini pini haiachii. Kwa iyo ukiidondosha kwenye zege haitoki, ukisukumana na mtu ikagonga mlango wa gari haitoki. Hapo Muaustria aliyeitengeneza alifanya kazi, jeshi lao walianza nayo 1982 ile Glock 17, hii 19 ni mdogo wake.
Ila zote 3 zinaondoka kwa kitu kimoja, traiga ikivutwa. Na traiga yake ni kama kilo 2 na nusu tu. Funguo za gari, kamba ya koti, holista (mfuko wa bastola) laini ya kitambaa iliyojikunja, chochote kikiingia pale na kuvuta, bastola inaona ni kidole. Kwa iyo Glock bila holista ngumu inayofunika traiga yote usinunue. Mfukoni au kiunoni kwenye mkanda tu kama kwenye sinema, hapana.
CZ sasa. Ya Wacheki, ya 1975 kama jina lenyewe. Ina sefti ya kidole gumba na nyundo ya nje, ile inayoigonga pini, unaiona kwa macho. Nzito, chuma kitupu, lakini inatulia mkononi. Shida yake wengi hawaambiwi: ile ya kawaida sefti inakubali kukaa nyundo ikiwa imerudi nyuma tu. Ukiishusha nyundo sefti haiwekeki. Na kuishusha kwa kidole wakati chemba, pale risasi inapokaa tayari kutoka, ina risasi, jasho limelowanisha mkono, hapo ndo watu wanatoboa miguu yao. Kuna toleo la BD lina kitufe cha kuishusha nyundo salama, ila hilo badala yake halina sefti ya pembeni. Muulize muuzaji ni lipi, asikuambie zote ni CZ.

Mzee wa Browning
Vijana mnajichosha bure. Sisi kazini tulipewa Browning ya Mbelgiji, ya mwaka 1935, risasi 13, sefti ya kidole gumba ipo, na ukichomoa magazini traiga haifanyi kazi hata uvute na mkokoteni. Mwambieni kijana anunue yoyote, akifika nyumbani magazini kabati hili, bastola kabati lile. Kwisha habari.

Dumu la Singida
Mzee shikamoo, kwa heshima yote naomba nikupinge hapo kabla mtu hajaua mtu.
Hiyo ya kuchomoa magazini ikafa ni ya Browning yako na chache zingine. Glock haina. CZ 75 za kawaida hazina. Ukitoa magazini ile risasi iliyopo kwenye chemba iko palepale inasubiri, na inatoka vizuri tu.
Nalijua hili kwa sababu ya shemeji yangu. Alikua na Glock, anaijua, mtu mzima. Glock ukitaka kuifungua usafishe slaidi, lile chuma la juu linalorudi nyuma, lazima uvute traiga kwanza, ndo ilivyotengenezwa, CZ haiko hivyo, ile unasukuma kipini cha pembeni. Basi siku hiyo tupo sebuleni Jumapili, katoa magazini kaiweka mezani, anaongea na mimi habari za mpira, kavuta traiga ili afungue. PAAA. Masikio yakaziba. Risasi ikapita kwenye kochi ikaenda kutua kwenye dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti nililomletea asubuhi kutoka Singida. Mafuta yote sakafuni, dada anapiga kelele, sisi wawili tumesimama kwenye mafuta tunaogopa hata kutembea. Na dakika 5 kabla mpwa wangu alikua amekaa pale pale kwenye dumu anakula mua.
Kwa iyo mpangilio ni huu na haugeuzwi: magazini kwanza inatoka, HALAFU unavuta slaidi nyuma risasi iruke, HALAFU unaingiza jicho na kidole kidogo kwenye chemba kuhakikisha iko tupu. Ukianza na slaidi magazini ikiwa ndani, umetoa risasi moja umeingiza nyingine. Shemeji sasa hivi anakagua mara 3 mpaka inachosha.

Mzee wa Browning
Marahaba. Hilo la Glock nilikua sijui. Naliondoa neno langu.

Bajaji Area C
Tumia simu na wewe uache mambo ya bastola, mahindi tu hayo 😂

Mama Zabibu Hombolo
Wewe wa bajaji ungenunua zabibu shambani hata msimu mmoja ungejua kwa nini keshi.
Kaka Mchuuzi mi si mtaalamu wa hizo namba zenu ila nimekulia nyumba yenye bastola. Baba aliiweka juu ya kabati, akajua hatufiki. Tulifika. Tulipanda kiti tukaitoa tukaichezea sefti ile ya pembeni, juu chini juu chini, inatoa sauti nzuri tu. Mungu alikua upande wetu siku hiyo. Kwa iyo mimi kwangu mnavyobishana iwe na sefti ya pembeni au ya traiga ni maswali ya baba akiwa nayo kiunoni. Akiivua, mtoto wa miaka 4 hiyo ya pembeni anaipata kwa kujaribu jaribu, na kile kiulimi cha Glock hakiulizi kidole ni cha nani. Nunua sefu kwanza, lile sanduku la chuma la kufungia, bastola baadae.

Fundi Saa Majengo
Naongeza dogo, vumbi. Kwa Dodoma yetu hii usiiogeshe mafuta, vumbi likikutana na mafuta ni tope, slaidi inaanza kuchelewa. Kitambaa kikavu, tone moja moja kwenye reli, basi. Na kuna mtu atakuja kukuambia chukua rivolva haikwami, ni kweli haikwami ovyo ila ni risasi 5 au 6 tu.

Kwata ya Zamani
Mama Zabibu kapiga penyewe. Mi ningekua wewe ningetembea chemba tupu miezi ya kwanza mpaka mkono uzoee, najua watu watasema kukoki, yani kuvuta slaidi risasi iingie chemba, kunataka mikono 2 na wewe umeshika usukani, ni kweli, ila mtu mgeni na risasi kwenye chemba namuogopa kuliko jambazi.

Mchuuzi wa Kibaigwa
Asanteni sana, nimesoma yote na mke wangu nimemsomea ile ya dumu la alizeti kacheka halafu kanyamaza. Bastola nimeiahirisha mpaka mwisho wa mwezi, naanza na sefu. Swali: nyumba yangu ni tofali za kuchoma, bolti za sefu zitashika ukutani au nitaamka nikute wezi wameondoka na sefu lenyewe?

Fundi Saa Majengo
Ukutani hazishiki hizo, zitatoka na tofali. Toboa sakafu, kama una zege inchi 4 bolti zinakaa. Iweke chumbani nyuma ya kitanda, na namba ya kufungulia usiweke mwaka wa kuzaliwa wa huyo wa miaka 4.