Utafiti wa afya ya akili baada ya mafuriko, bonde la Matandu: sampuli na dodoso

Nangurukuru_M
Wakuu, tunaandaa utafiti kwa watu wazima wa vijiji vilivyofurika bonde la Mto Matandu, Kilwa. Dodoso ni PHQ-9 ya Kiswahili, yale maswali tisa ya dalili za sonona (huzuni kali ya muda mrefu), kila swali alama 0 hadi 3. Sampuli nimepata 384, wadodosaji sita, siku kumi. Inatosha? Halafu kwenye majaribio karibu kila mtu kajibu "siku kadhaa", swali baada ya swali.

Mizani
384 ni ya kuchota mtu mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Wewe unachota vitongoji, na wa kitongoji kimoja wamepigwa na maji yale yale, majibu yao yatafanana. Zidisha kwa 1.5 upate 576, gawa kwa 0.9 kufidia watakaokosekana: 640. Yaani vitongoji 32, kaya 20 kila kimoja. Kwa siku kumi ni mahojiano karibu 11 kwa kila mdodosaji kwa siku. Huko ni kujazia fomu chini ya mkorosho. Panga matano, siku 22.

Penye mtego hasa ni orodha ya kaya. Ya mwenyekiti wa kitongoji mara nyingi ni ya kabla ya maji. Waliohamia kwa ndugu mwinukoni bado wamo kwenye daftari, lakini nyumba haipo. Ukichukua jirani badala yao, umepima walionusurika. Wafuate walikohamia, hadi mara tatu. Kitongoji cha kaya 120: chukua kila ya sita, ukianzia namba ya kura kati ya 1 na 6. Ndani ya kaya piga kura tena kwa wenye miaka 18 na zaidi, la sivyo utahoji wazee na akina mama tu.

bi_Mingoyo
Kuhusu "siku kadhaa": mtu hahesabu hivyo, anachagua jibu la adabu. Mpe mbegu 14 za korosho, kila moja siku moja ya wiki mbili zilizopita, atenge siku alizokuwa na tatizo. Mbegu 0–1 ni alama 0. 2–6 ni 1. 7–11 ni 2. 12–14 ni 3. Jumla huishia 27, na wengi huhesabu kuanzia 10 kuwa huenda ana sonona.

Usipeleke timu mwezi wa Ramadhani: usingizi na hamu ya kula vyote vimebadilika, na vyote vimo kwenye dodoso. Uliza homa pembeni, maana malaria nayo huleta uchovu. "Sonona" usiitaje kwenye utambulisho. Mtendaji wa kijiji awatambulishe kisha aondoke. Akikaa, watu wanadhani ni orodha ya msaada na alama zinapanda.

Kama unauliza pia walichopoteza, taja tukio: Januari 2020, au kimbunga Hidaya cha Mei 2024 ilipokatika barabara Somanga. "Mafuriko yale" kila mtu ana yake.

Nangurukuru_M
Shukrani. Na swali la 9, la kutaka kufa?

bi_Mingoyo
Lisomwe mahali wanapoonekana ila hawasikiki. Kujaribu kujiua ni kosa la jinai kwetu, kwa hiyo jibu lisimfikie mtendaji wala balozi wa nyumba kumi. Alama yoyote juu ya 0, mdodosaji aulize hapo hapo kama kuna mpango na njia. Vikiwepo, asimwache peke yake. Ampigie tabibu mliyekubaliana naye kabla ya siku ya kwanza, na nauli ya kumfikisha hospitali ya wilaya iwe kwenye bajeti. Kama huyo tabibu hajapatikana, utafiti usianze.