Tupeane uzoefu: steringi wako alishawahi kuwa malaika? Ulimshushaje?

Wakuu habari za mchana. Mi kuna kazi huwa nafanya pembeni, watu wananitumia hadithi zao nizipitie kabla hawajaanza kuziuza kule wasap sehemu moja moja. Sasa nimechoka, steringi ni yule yule kila siku. Mrefu, maji ya kunde, kifua cha mazoezi, kasoma nje, lugha sita zinapanda na karate anajua. Akiingia ukumbini wote wanageuka. Demu aliyemwacha kipindi hana hela lazima aje kulia getini, mara nyingi sehemu ya 9. Ukipiga stori na mwandishi unakuta na yeye aliachwa kweli, tofauti ni kwamba geti hana.

Sisemi mtu asijiweke kwenye hadithi yake, wote tunajiweka. Shida ni pale unapojiweka halafu unafuta makovu yote, msomaji anakosa pa kukushikia. Leteni uzoefu, mnaoandika na mnaosoma tu, mtu kama huyo anarekebishwaje?

----

Wangu alikuwa daktari, Dokta Jabir. Kufika sehemu ya 6 dada mmoja kwenye grupu akauliza "hivi huyu daktari huwa anaenda hata chooni?" grupu zima likacheka, nikapaniki nikampa kasoro fasta, eti anapenda kazi mpaka anasahau kula. Yule dada akarudi: "hiyo kasoro ni ya kwenye intavyuu ya kazi." Aisee alinimaliza. Maana ni kweli, kasoro isiyomgharimu mtu kitu ni urembo tu. Basi nikamfanya achukue laki nne za kikoba cha mama yake, hela ameachiwa azitunze wiki moja, yeye akazitia kwenye dili la simu za mtumba likabuma, mama akiuliza anajibiwa zipo benki. Kuanzia hapo kuandika kukawa mteremko, simu ya mama ikiita tu wodini Jabir anaigeuza kioo chini anaendelea kumpima mgonjwa presha, na wasomaji roho juu. Jambazi niliyekuwa nimemuandaa kwa ajili ya sehemu ya 10 sikumhitaji tena.

----

Njooni kwenye kuigiza ndo mtalia. Niliandika skripti ya kikundi fulani, aliyetoa hela ndo huyo huyo steringi. Kuna sini anapigwa kofi na baba mkwe mbele ya wageni, na ndo inayobeba muvi nzima sababu ndo inamfanya ahame kijiji. Bosi akagoma, eti mashabiki watamchukuliaje. Tukabishana weee mwisho kofi akapigwa mdogo wake, yeye akahama kijiji kwa hasira za kofi la mtu mwingine. Muvi ilitoka hivyo hivyo. Ukiiangalia unajiuliza huyu kaka anaenda wapi na begi.

----

Mwawasema wanaume tu, na sie wanawake twafanya yayo hayo, ila malaika wetu ni wa kuonewa. Mie wangu alikuwa mke, anapigwa anasamehe, ananyang'anywa anasamehe, wifi amsengenya mtaa mzima na yeye yuwampikia. Shoga yangu huku Mombasa kasoma kaniuliza, "huyu hana hata siku moja aliyojifungia chumbani akamwapiza mtu?" Nikaongeza jambo moja tu: wifi yuko kitandani mgonjwa, yule mke yuko jikoni na bakuli la uji, auangalia mpaka ufanye utando juu ndipo ampelekea. Basi. Wengine waliudhika kwelikweli, wakasema nimemharibu dada wa watu. Lakini zamani walikuwa wakisema "yule mke", baada ya ule uji wakaanza kumtaja kwa jina.

----

Napingana na mleta mada. Watu wanapenda steringi hafi, ndo raha yenyewe. Liyongo mmemsahau? Jitu la miraba minne, shujaa, malenga, vita hashindwi, jela anatoka, na mpaka kesho tunamsimulia. Nyie mnataka kila mtu awe mlevi na mdeni?

----

Mkuu hapo juu umejifunga goli mwenyewe. Kwenye ule utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 Liyongo haingii silaha, kinachomuua ni sindano ya shaba ya kitovuni tu, na anayetumwa kuichimba siri ni mwanawe wa kumzaa. Tena anashtukia kabisa kijana katumwa, na bado anamwambia. Mtu anayeshinda majeshi kashindwa kumnyima mwanawe jibu. Itoe ile sindano tuone utabaki na nini, hata ile picha yake kapiga goti kisimani na upinde mkononi, keshakufa na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji, haipo.

----

Huu ugonjwa ni wa dunia nzima msijione. Marekani mwaka 1973 mwandishi Paula Smith alichoshwa na hadithi ambazo mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya TV ya safari za anga za juu, walikuwa wanatunga, akaandika kichekesho kifupi cha binti anaitwa Mary Sue, luteni wa miaka 15 na nusu, anaweza kila kitu, na akifa wote wanamlilia. Jina likaganda mpaka leo, mhusika wa hivyo akitokea wanamwita hivyo hivyo.

Kwangu dawa iliyofanya kazi ni kumuweka mtu anayemchukia steringi KWA HAKI. Sio mchawi wala mwenye wivu, mtu wa kawaida aliyekosewa. Nilimuweka fundi seremala hajalipwa kitanda, kila sherehe ya steringi na yeye anakuja, anasalimia vizuri, anakula, anaondoka. Hasemi kitu. Wasomaji walimpenda fundi kuliko steringi na mi nikaacha iwe hivyo.

----

Samahanini naingilia, mi sio mwandishi. Ila ile laki nne ya kikoba mama alikuja kujua au bado?