Visanduku vya muhuri na wajukuu Dodoma: shambani, mlimani au kwa simu?

Bibi wa Ipagala: Wakuu, habari za humu. Likizo ya Juni nakuja kukaa na wajukuu wawili, wa miaka 4 na 7. Nataka tucheze letaboksi, mchezo wa Waingereza: kisanduku kinafichwa na daftari na muhuri ndani. Unafuata vidokezo, ukikipata unagonga muhuri wake kwenye daftari lako na wako kwenye daftari lake, unakirudisha palepale. Nifiche shamba la mizabibu Hombolo, vilima vya Chimwaga, au tutumie simu ituonyeshe njia?

Kijana wa Miyuji: Shikamoo bibi. Simu tulijaribu. Mtoto haoni mbuyu, anaona mshale tu. Betri ikaisha tukiwa nusu njia, kilio.

Babu Mpunguzi: Mlimani nilikwenda. Wa miaka minne alitembea hatua kama mia, zilizobaki mgongoni kwangu. Huko Dartmoor, nyika ya Uingereza mchezo huu ulikoanzia, mwaka 1854 James Perrott, kiongozi wa wageni, aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool ili wapitaji waweke kadi zao za majina. Shida yao ni ukungu na matope. Yetu miiba na nge. Mtoto asitie mkono kwenye shimo, babu apekue kwanza kwa fimbo.

Mama Ndala: Shikamoo bibi, shambani! Muhuri usinunue. Chukua ndala iliyochakaa, chora kichala cha zabibu, chonga kwa wembe (uushike wewe), gundisha kwenye kizibo. Herufi zichonge kinyume. Sisi tulisahau, jina la mjukuu likasomeka nyuma mbele, akalipenda hivyohivyo. Kopo liwe la plastiki, kifuniko kibane. Mimi nilitumia boksi la karatasi, mchwa wakala daftari wakaniachia muhuri. Huyo mdogo asiyesoma mtegee kitendawili: "Tumbo kubwa, upara kiangazi kizima." Atakimbilia mbuyu mwenyewe.

Kijana wa Miyuji: Na Kolo, kwenye michoro ya miambani?

Babu Mpunguzi: Hapana, mjukuu wangu. Ni urithi wa dunia tangu 2006, hatufichi kitu pale. Nendeni na daftari, mchore mnachokiona.

Bibi wa Ipagala: Marahaba wanangu. Ahsante babu. Basi shambani, ndala ninayo. Mkubwa nitampeleka Chimwaga asubuhi moja, mdogo abaki na mama yake. Wino wa muhuri wa zambarau unapatikana duka gani hapa mjini? Niliouona wote ni mweusi.